Mfanyakazi msumbufu: maswali ambayo mameneja hurudi kuniuliza

Nimekaa dawati la utumishi kwa miaka mingi, kwanza kiwandani, baadaye kwenye kampuni za usafirishaji. Meneja anayebisha hodi ofisini kwangu huja na jina la mtu. Ni mara chache sana huja na maelezo ya kosa. Majibu haya yametokana na mazungumzo hayo. Yanahusu sekta binafsi Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na Kanuni za Utendaji Bora zilizotoka kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, na watumishi wa umma wana utaratibu wao.

Nina mfanyakazi msumbufu. Nianzie wapi?

Anza kwa kuliweka kando neno "msumbufu". Chukua karatasi uandike alichofanya: siku gani, saa ngapi, mbele ya nani, kazi gani iliharibika. Ukishindwa kuandika hata matukio mawili yenye tarehe, ulichonacho ni kinyongo, na kinyongo hakisikilizwi kwenye kikao cha nidhamu wala mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi.

Ukishaandika, jiulize tatizo limeingilia mlango upi. Je, ni mwenendo, yaani anajua kanuni na anaivunja? Ni uwezo, yaani anajitahidi lakini kazi haitoki? Ni afya? Au ni kutopatana na wenzake? Sheria inaitenganisha milango hii, na kila mmoja una njia yake. Aliyevunja kanuni unamtaka ajieleze. Aliyeshindwa kazi unamwelekeza, unamfundisha na kumpa muda. Mgonjwa unamsikiliza pamoja na taarifa ya daktari. Nimeona mashauri mengi yakiharibika hapa hapa mwanzoni, mtu aliyehitaji kufundishwa akaandikiwa barua ya onyo kana kwamba ameiba.

Kulikuwa na mtunza stoo mmoja, mtu mzima, ambaye hesabu zake zilianza kupishana na za ofisini. Msimamizi wake aliniletea barua ya kumshtaki kwa uzembe, imeshachapwa. Tulipokaa naye ikajulikana kwamba stoo ilihamishwa kutoka kwenye daftari kwenda kwenye kompyuta, mafunzo yakawa ya mchana mmoja, na yeye aliona aibu kuwauliza vijana wa rika la wanawe. Alihitaji wiki mbili za kukaa na mtu mvumilivu. Ile barua tuliichana.

Naogopa kuongea naye. Nimkabili vipi?

Mameneja wengi hapa ndipo wanapochelewa. Kosa la kwanza wanalimeza, la pili wanamsimulia mke au mume nyumbani, la tano wanalipuka mbele ya wateja. Mfanyakazi naye anashangaa kwa haki kabisa, kwa sababu makosa manne yaliyopita hakuna aliyemwambia kitu.

Ongea naye ndani ya siku mbili tatu tangu tukio, mkiwa wawili, na mlango umefungwa. Usimwite kwa kipaza sauti wala kwa kumtuma mlinzi. Wenzake wote watajua anakwenda kugombezwa na atafika akiwa ameshajikunja. Sema jambo lenyewe mapema. Watu wetu hupenda kuanza mbali, habari za nyumbani, za watoto, za shamba, na salamu ni heshima. Lakini ukizidisha dakika tano, mtu anaondoka hajui kama ameonywa au ametembelewa.

Mweleze hivi: "Jumatatu na Jumatano ulifika saa mbili na nusu. Zamu inaanza saa moja na nusu. Amina alibaki peke yake kaunta na foleni ikafika mlangoni. Nini kimetokea?" Kisha nyamaza, na huko kunyamaza ndiko kugumu. Utatamani kumjibia, au kumwongezea makosa ya mwaka jana. Jizuie. Nusu ya majibu niliyowahi kusikia katika ukimya ule yalibadilisha kabisa nilichokuwa nimepanga kufanya: mtu kahamia mbali na kituo cha basi, mtu anauguza mzazi, mtu alipewa ratiba mbili zinazopingana na wasimamizi wawili.

Mwisho mkubaliane jambo moja linaloweza kupimwa, na siku ya kukutana tena kulitazama. "Jirekebishe" haipimiki. "Kuanzia kesho uwe kaunta saa moja na nusu, tuonane Ijumaa ya wiki ijayo" inapimika.

Ananizidi umri sana. Nitamkemeaje mtu ninayemwamkia shikamoo?

Mwamkie, na endelea kumwamkia hata siku unayompa barua. Shikamoo haikupunguzii cheo. Nimewaona mameneja vijana wakiacha kuamkia wazee ili waonekane mabosi, na kuanzia siku hiyo idara nzima ikawafungia milango.

Kinachosaidia ni kutenganisha mtu na kazi kwa maneno ya wazi. "Mzee wangu, heshima yako iko palepale. Lakini hili la gari kutoka bila kukaguliwa siwezi kulinyamazia, kwa sababu likitokea la kutokea tutaulizwa wote wawili." Muulize yeye angelishughulikia vipi kama angekuwa kwenye kiti chako. Wazee wengi wa kazi walishakuwa wasimamizi mahali fulani na wanaijua njia. Tena mara nyingi ukaidi wao una chanzo: waliwahi kupitwa cheo na mtu waliyemfundisha kazi, na hakuna aliyewaita kuwaeleza sababu. Ukilijua hilo, lizungumze waziwazi. Huwezi kurudisha cheo, ila unaweza kumpa jukumu linalotambua anachokijua, kama kuwapokea na kuwaelekeza wageni wa kazi.

Usimtume mtu mwingine akamwambie kwa niaba yako. Mshenga hufaa kwenye posa. Kwenye kazi ujumbe hufika umepinda, na mzee anajua kwamba umemkwepa.

Onyo la mdomo lina maana yoyote?

Lina maana likiwa na kumbukumbu. Baada ya mazungumzo andika mistari minne kwenye faili lake: tarehe, mlichozungumza, alichojibu, mlichokubaliana. Mweleze kwamba umeandika.

Amefanya kosa kubwa asubuhi ya leo. Naweza kumfukuza leo hii?

Hapana, hata kama umeona kwa macho yako.

Kanuni zinataja makosa mazito yanayoweza kumfukuzisha mtu hata kwa mara ya kwanza: udanganyifu mkubwa, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi, uzembe mkubwa, kumpiga mfanyakazi mwenzake au mteja, na ukaidi mkubwa. Uzito wa kosa unaondoa ngazi za maonyo. Hauondoi haki ya kusikilizwa. Kifungu cha 37 kinamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili, kwamba sababu ilikuwa halali na ya haki, na kwamba utaratibu ulikuwa wa haki. Ukiwa na sababu nzuri na utaratibu mbovu, umeshindwa nusu ya kesi.

Nalisema kwa uchungu, maana nilishawahi kuandika barua ya namna hiyo. Dereva mmoja alikamatwa na madumu ya mafuta ya gari, na mkurugenzi alitaka awe nje ya geti kabla ya adhuhuri. Nikaandika. Hakuulizwa kitu, hakukaa na shahidi wake, hakusikilizwa na mtu ambaye hakuwa amekasirika. Kampuni ikaishia kumlipa fidia mtu ambaye pengine kweli aliiba, na madereva wenzake wakajifunza kwamba pale kwetu mtu huhukumiwa kwa hasira.

Njia yenyewe ndiyo hii. Kama kubaki kwake kazini kunahatarisha uchunguzi, msimamishe kwa barua huku ukimlipa mshahara kamili. Fanya uchunguzi: chukua maelezo ya mashahidi, nyaraka, picha za kamera kama zipo. Ukiona kuna jambo la kujibu, mpe hati ya tuhuma kwa lugha anayoielewa. Usimwandikie Kiingereza cha kisheria mpakuaji mizigo anayezungumza Kiswahili, halafu ukasema alielezwa. Mpe muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida haupaswi kupungua saa 48. Mweleze kwamba anaweza kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake wa kazini. Kikao kiongozwe na meneja wa ngazi ya juu ambaye hakuhusika na tukio. Aliyeibiwa asikae kiti cha hakimu. Ushahidi utolewe mbele yake, aweze kuuliza maswali na kuleta mashahidi wake. Akionekana na kosa, msikilize tena kuhusu adhabu: miaka aliyofanya kazi, rekodi yake, hali yake. Kisha uamuzi wa maandishi wenye sababu, na umjulishe haki yake ya kukata rufaa kama kampuni ina ngazi hiyo, na haki ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wengi wanayoiita CMA.

Yote haya yanaweza kukamilika ndani ya wiki moja au mbili.

Amekataa kusaini barua. Nifanyeje?

Usigombane naye. Mweleze kwamba sahihi ni ya kupokea, si ya kukubali kosa. Akikataa bado, mwite shahidi mmoja, barua isomwe kwa sauti, shahidi aandike kwamba ilisomwa na mhusika akakataa kusaini, na aweke jina, tarehe na sahihi yake.

Amesababisha hasara. Nikate kwenye mshahara wake mwisho wa mwezi?

Kifungu cha 28 kimeweka masharti, na mameneja wengi hawayajui. Hasara lazima iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake. Umwandikie chanzo cha hasara, kiasi, na ulivyokipiga hesabu. Umpe nafasi ya kupinga. Akubali makato kwa maandishi. Deni lisizidi hasara halisi, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara wake wa fedha.

Ule mtindo wa "keshia akipungukiwa analipa yeye" bila maswali ni hatari. Nimekuta droo moja inayotumiwa na watu watatu kwa zamu moja, halafu upungufu ukakatwa kwa yule aliyefunga hesabu jioni. Kabla ya kumgusa mtu, mpe kila mmoja droo yake.

Ni hodari kuliko wote, lakini anavuruga wenzake. Nimvumilie kwa sababu ya kazi yake?

Swali hili ndilo linalonikosesha usingizi kuliko yote, maana gharama yake haionekani kwenye ripoti ya mwezi. Fundi anayekarabati mashine kwa nusu saa anaonekana. Vijana wawili walioomba kuhamishwa idara ili wasifanye naye kazi hawaonekani. Yule dada aliyeacha kuuliza maswali kwa kuogopa kudhihakiwa haonekani kabisa.

Mwite umwambie mambo mawili kwa pamoja, bila kulificha moja nyuma ya jingine: kazi yako ni nzuri, na namna unavyowatendea watu haikubaliki hapa. Mpe mfano halisi. "Juzi ulimwita Juma mjinga mbele ya wateja" ni bora kuliko "watu wanalalamika". Ukisema "watu wanalalamika" atatumia wiki nzima kuwatafuta hao watu, na majungu yataongezeka maradufu.

Siku hizi ugomvi mwingi umehamia kwenye makundi ya WhatsApp ya kazini. Mtu anapiga vijembe saa nne usiku, asubuhi idara imegawanyika pande mbili. Weka kanuni mapema kwamba kundi la kazi ni la kazi, na usimkaripie mtu humo humo hata akikuchokoza. Mjibu asubuhi, uso kwa uso.

Ikiwa kweli hawapatani na wenzake, Kanuni zinautambua mlango wa kutopatana kazini, lakini zinakutaka uandike matukio, umwonyeshe, umpe nafasi ya kujibu na ya kujirekebisha. Jaribu pia kupatanisha. Keti na pande zote mbili, kila mmoja aseme bila kukatizwa. Nimeona uadui wa miaka ukiyeyuka ilipojulikana kwamba ulianzia kwenye mchango wa msiba ambao mtu mmoja hakuandikwa kwenye orodha.

Anakuja akinuka pombe. Wengine wanakosa kazi kila Jumatatu wakisema wanaumwa.

Mwenye pombe anayeendesha gari au mashine, muondoe kwenye kazi hiyo saa ile ile, mrudishe nyumbani salama, shauri lizungumzwe akiwa mzima. Ukiona ni ulevi wa kudumu, Kanuni zinautazama kwa karibu na ugonjwa, hivyo ushauri nasaha na matibabu vitangulie kabla ya adhabu.

Kwa wagonjwa, sheria inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Una haki ya kudai cheti cha daktari. Huna haki ya kutangaza ugonjwa wa mtu kwenye kikao cha idara, na naomba sana jambo hili lizingatiwe, kwa sababu nimeona watu wakiacha dawa ili wasionekane wakienda kliniki.

Ni ndugu wa tajiri. Nikimgusa nitaondoka mimi.

Nenda kwa tajiri kabla hujaenda kwa ndugu yake, na nenda na hesabu. Usimwambie "mdogo wako hana adabu"; atamtetea, ni damu yake. Mwambie: "Mwezi huu magari matatu yamechelewa kutoka kwa sababu funguo zilikuwa kwake, na mteja fulani amepunguza oda." Kisha muulize: "Unataka nimsimamie kama wengine, au nimtoe kwenye usimamizi wangu?" Mwenye mali akitajiwa fedha zake husikiliza. Akijibu kwamba umwache, basi umejua mpaka wako, na omba asiwe chini yako. Usikubali kuwaadhibu wengine kwa makosa ambayo yeye anaachiwa. Hapo ndipo wafanyakazi wazuri wanapoanza kuandika barua za kuacha kazi.

Nikimhamishia kazi ngumu hadi aache mwenyewe?

Usifanye. Sheria inatambua kwamba mwajiri akifanya kazi isivumilike hadi mtu akajiuzulu, huko ni kuachishwa kazi. Utashtakiwa kama aliyemfukuza, na safari hii bila hata sababu ya kuonyesha.

Yuko kwenye kipindi cha majaribio. Taratibu ni zile zile?

Ni nyepesi zaidi, lakini zipo. Mfuatilie, mweleze anapokosea, mpe nafasi ya kujibu kabla ya kuamua. Mfanyakazi wa chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja hafunikwi na sehemu ya sheria inayohusu kuachishwa kazi isivyo haki. Majaribio yasizidi miezi 12.

Nimeondoa wasumbufu watatu kwa miaka miwili na bado yupo mwingine.

Basi tazama kiti, usitazame tena aliyekikalia. Nimewahi kukuta nafasi ya karani wa mizigo ambayo kila aliyeishika aligeuka mkali. Karani alikuwa akipokea amri za mauzo, za stoo na za uhasibu, na kila upande ulimtaka aanze na wao. Malaika angegombana pale. Tulipoandika nani anamwagiza na nani hana ruhusa, yule aliyekuwepo akatulia.

Jiulize pia kuhusu mshahara unaochelewa, ahadi ya posho iliyosahaulika, na saa za ziada ambazo hazijalipwa. Mtu anayedai haki yake kwa sauti huitwa msumbufu upesi sana. Kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kuwa mjamzito au kuwa na ulemavu si sababu halali za kumwachisha mtu kazi, na sheria imesema hivyo waziwazi.

Amenipeleka CMA. Nijiandae vipi?

Kwanza angalia tarehe. Anayelalamikia kuachishwa kazi anatakiwa kufungua shauri ndani ya siku 30. Madai mengine ndani ya siku 60. Hatua ya kwanza ni usuluhishi, ambao umepangiwa siku 30. Nenda na mtu mwenye mamlaka ya kukubali au kukataa malipo, la sivyo mtapoteza siku. Msipoelewana, shauri huenda kwa mwamuzi, na hapo utaulizwa faili: hati ya tuhuma, muhtasari wa kikao, sahihi, tarehe. Ile mistari minne uliyoandika baada ya onyo la mdomo sasa ndiyo shahidi wako.

Kama unajua ulikosea utaratibu, lipa kwenye usuluhishi. Tume inaweza kuamuru arudishwe kazini au alipwe fidia inayohesabiwa kwa mishahara ya miezi, na kila mwezi mnaobishana unaongeza gharama.

Mimi niko Kenya. Haya yananihusu?

Namna ya kuongea na watu inakuhusu yote. Kisheria, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinakutaka umweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama, na umsikilize kabla ya kuamua. Mashauri huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Tumefikia mwisho, anaondoka. Nimlipe nini, na wenzake niwaambie nini?

Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28 au malipo badala yake. Mlipe siku alizofanya kazi na likizo ambayo hakuitumia. Kama ametimiza miezi 12 au zaidi na hakuachishwa kwa utovu wa nidhamu, ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka 10. Kama uliajiri mtu kutoka mbali, kuna nauli ya kumrudisha alikotoka. Na mpe cheti cha utumishi. Wengi hukizuia kwa hasira, na hawana haki hiyo.

Mpe yote siku moja, ofisini, akiwa amekaa kwenye kiti. Asifuatwe na mlinzi hadi getini kama hakuna sababu ya usalama. Wenzake waambie sentensi moja: fulani hayupo nasi tena kuanzia leo, kazi zake zitashikwa na fulani. Wakikuuliza sababu, waambie hilo ni lake na la kampuni. Watakaa kimya kidogo, na kila mmoja atakuwa anapima kama siku moja siri yake nayo utaitunza hivyo.